Ishaq Khattab, Mkaguzi Aliyejiandikia Onyo

Leo, Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bwana Ishaq Khattab anastaafu baada ya kuitumikia Jumuiya ya Wenye Nyumba wa Migombani, Mabela, kwa miaka ishirini na mbili kasoro siku moja. Hiyo siku moja si kosa la chapa. Mwenyewe ameikagua rasimu ya programu hii ya kumuaga, kama anavyokagua kila kitu, akaagiza iandikwe hivyo hivyo. Habari yake inakuja.

Wapo watakaolala usingizi mnono kuanzia Ijumaa. Yupo anayefuga mbuzi juu ya dari, yupo anayeosha gari kwa mpira mchana kweupe, yupo aliyejenga jiko la nje akaliita banda la baiskeli. Hatuwataji majina. Wenyewe wanajijua, na Bwana Ishaq anawajua zaidi.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni katibu wa ofisi. Meza yangu inatazamana na yake tangu niajiriwe, kwa hiyo nimemwona akiwa na furaha, nimemwona akiwa na hasira, na nimemwona amefunga Ramadhani huku mwenye nyumba mmoja akimweleza kwa kirefu kwa nini ukuta wake lazima uwe wa rangi ya waridi. Nimeambiwa niandike mazuri tu. Nitajitahidi, lakini mtu huyu ukimwondolea vituko vyake humjui tena.

Bwana Ishaq alizaliwa Malindi, Unguja, akaletwa Muscat akiwa bado mtoto wa skuli, yeye na mama yake, marehemu Bi Sayyida. Walifikia kwa jamaa zao Qantab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ghuba. Huko, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza Kiarabu cha mtaani na kungoja zamu ya maji bila ya kusukumana. Baadaye alisoma, akafanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kusimamia majumba kule Hail, na mwaka 2004 jumuiya yetu ilipoanzishwa akachukuliwa kuwa mkaguzi wa kwanza wa kanuni. Wa pili hajapatikana mpaka leo, na tangazo lingali ukutani.

Kwa mgeni anayesoma programu hii, jina la Migombani haliko kwenye ramani. Serikalini mtaa una jina lake la Kiarabu. Migombani ni jina tulilojipa wenyewe, na hapana mgomba hata mmoja. Wenye nyumba wa mwanzo karibu wote ni watu ambao familia zao zilitoka Unguja na Pemba, wengine Tanga, wengine Bujumbura, na walipopata viwanja hapa Muscat, kwenye uwanda wa changarawe, walitaka angalau macho yao yapate rangi ya kule.

Mkutano wa kuandika kanuni ulifanyika mwezi wa Februari, mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri. Wadi, yale mabonde ya mito ya msimu, zilikuwa zimetiririka, vilima vyote vya nyuma ya Mabela vilikuwa vimeota manyasi membamba, na watu walikaa kwenye mikeka wakila mikate ya kumimina huku wakiisifu nchi kwamba kumbe inakubali. Katika furaha ile ikapitishwa Kanuni ya Saba: kila nyumba iwe na nyasi mbele, ukuta kwa ukuta, za kijani mwaka mzima, ili mtaa uonekane kama umetandikwa busati moja. Hakuna aliyepinga. Mwezi wa Mei jua likaja kuisoma kanuni hiyo, na tangu hapo kazi ya kuitetea ikawa ya Bwana Ishaq.

Aliitetea barabara. Siku ya ukaguzi alikuwa akitoka ofisini na dishdasha, kanzu ya huku, iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake, kofia ya kudarizi kichwani, na makubadhi miguuni. Akifika getini huyavua makubadhi, huingia pekupeku, na kukanyaga nyasi taratibu, macho kayafumba nusu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kwa nyayo alijua nani amenyunyiza tangu alfajiri na nani amenyunyiza baada ya kumwona anakata kona. Alijua wapi mpira umetoboka chini ya ardhi, na wapi nyasi zimeshonewa kiraka. Nilidhani ni mbwembwe, mpaka nilipoandamana naye wiki yangu ya kwanza kazini. Hakukosea hata nyumba moja, na mimi niliyekuwa na viatu sikuona kitu.

Bwana Khalil wa nyumba ya kona, ambaye leo ni rafiki yake wa kunywa naye kahawa, alirudi safari mwezi wa Novemba akakuta nyasi zake zimekauka rangi ya biskuti. Ukaguzi ulikuwa kesho yake. Akanunua rangi ya ukuta, ya kijani, akaipaka kwa brashi, na kwa mbali pakapendeza kupita kiasi. Bwana Ishaq akafika, akavua, akaingia. Rangi ilikuwa haijakauka. Alirudi ofisini pekupeku, makubadhi mkononi, akiacha nyayo za kijani njia nzima, na wageni wetu wakawa wanaelekezwa ofisi kwa nyayo zile mpaka mvua ilipokuja kuzifuta.

Nyasi nzuri kuliko zote zilikuwa zake. Bwana Ishaq ni mwenye nyumba hapa hapa, na shindano la bustani lilikuwa limekwisha kabla halijaanza. Wivu ulikuwepo, lakini kila mtu alijua zile nyasi si za mashindano. Zilikuwa za Bi Sayyida. Kila Alasiri mama yule alitolewa kiti chake cha mbao, akaweka nyayo zake mbili juu ya nyasi, akakaa kimya mpaka Magharibi. Alisema miguu yake ikikanyaga pale inarudi kwao. Alipofariki, kiti kilibaki pale pale, na Bwana Ishaq akaendelea kuzinywesha nyasi zile kama vile mwenyewe yu karibu kutoka.

Sasa tufike kwenye ile siku moja.

Maji yetu asili yake ni bahari. Yanatolewa chumvi mitamboni, yanakuja mpaka tangi kubwa la mtaa, na kutoka hapo pampu huyasukuma nyumba kwa nyumba. Kiangazi kinapokaza, nyumba za mwanzo wa mtaa hufungulia vinyunyizio mchana kutwa ili nyasi zisife, na nyumba za mwisho hubaki na bomba linalokohoa. Yaqdhan, fundi wetu wa pampu, alilisema hilo kila mwaka kwa sauti ile ile: "Pampu nzima, mabomba mazima. Maji yanaishia majanini." Watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakenda nyumbani kufungulia vinyunyizio.

Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Bi Nunu, mjane wa Bwana Salem. Katika kiangazi cha 2018 Bi Nunu aliacha kunywesha nyasi zake. Maji yaliyomfikia alfajiri aliyaweka kwenye mitungi na ndoo, ya kupikia na ya udhu. Nyasi zikafa. Yeye akatandaza mawe madogo ya wadi, akapanda mishubiri, akaweka vyungu vya mrehani na asumini ukutani, ambavyo alivinywesha maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Katikati ya yote ukasimama mkunazi alioupanda Bwana Salem walipohamia, umetanda kivuli uwanja mzima. Palikuwa pazuri. Palikuwa pia ni uvunjaji wa Kanuni ya Saba, ukuta kwa ukuta.

Bwana Ishaq akampa onyo la kwanza, kisha la pili. Mkandarasi akaja kupima, akasema nyasi mpya hazitashika chini ya mkunazi ule uliokwisha kutanda, kwa hiyo sharti ukatwe. Kamati ikapanga kazi ifanyike baada ya Idi, likishatolewa onyo la tatu.

Siku ya kulipeleka hilo onyo la tatu nilikuwa pamoja naye, nimebeba mkoba. Ilikuwa Alasiri, jua bado linauma. Bi Nunu alitufungulia mwenyewe.

"Karibuni wanangu. Hayo makaratasi yako weka hapo, Ishaq, hayakimbii. Asri ishaadhiniwa, tawadha kwanza."

Bwana Ishaq akaelekea bombani. Bi Nunu akacheka.

"Bombani hamna kitu saa hizi. Njoo huku nkutilie."

Akaleta birika na beseni, kama wanavyonawishwa wageni katika nyumba zetu kabla ya chakula, akammiminia kidogo kidogo: mikono, kinywa, uso, mpaka miguu. Alipomaliza, alilibeba beseni akalimwaga kwenye shina la mkunazi, polepole, bila ya kupoteza tone. Nikatazama pale chini nikaelewa. Huo ndio unywaji wa mti ule. Udhu wa bibi mmoja, na wa mgeni akitokea.

Bwana Ishaq alikuwa amekwisha kuvua makubadhi. Akasogea chini ya mkunazi, akakanyaga. Akasimama. Nimemwona akikanyaga nyasi za mtaa mzima, lakini sijapata kumwona akisimama namna ile. Changarawe nje ya geti ilikuwa ya kuunguza, na pale chini ya kivuli ardhi ilikuwa ya baridi.

"Haya, nambie," Bi Nunu akasema, "hiyo miguu yako imekwambiaje?"

"Bi Nunu, mie nna kanuni."

"Najua una kanuni. Na mie nna mkunazi."

Bwana Ishaq akamweleza kwamba ipo njia. Kanuni zetu zinamruhusu mwenye nyumba aliyefikia onyo la tatu, na huyo peke yake, kuitisha mkutano mkuu ili kanuni aliyoivunja ijadiliwe upya. Alikuwa karibu kumsihi. Bi Nunu akatikisa kichwa.

"Mie nkasimame mbele za watu niuombee mti? Salem alipoupanda hakumwomba mtu. Wakija kuukata waje, mie ntakaa ndani."

Bwana Ishaq aliliacha onyo juu ya meza, kwa sababu ndiyo kazi iliyompeleka, tukaondoka. Nilijua anachokiwaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza: baada ya Idi atasimama pale na kofia yake kuangalia mti ukianguka, na atatakiwa atie sahihi.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri majirani walimwona Bwana Ishaq kwenye uwanja wake na jembe. Walidhani bomba limepasuka. Kisha wakaona anang'oa nyasi. Zile zile. Alianzia getini, akaja akizikunja vipande vipande, akakizunguka kiti cha Bi Sayyida, akarudi, akakisogeza kiti, akang'oa na pale kilipokuwa kimesimama. Hakuajiri mtu. Mkewe, Bi Masouda, alinisimulia kwamba pale penye kiti alipiga magoti akang'oa kwa mikono, na kwamba alilia, na kwamba alipoingia ndani alisema ni vumbi.

Akaja ofisini kwa wakati wake, dishdasha safi, akaketi mezani kwake, na akaniomba niandike onyo la kwanza kwa mwenye nyumba Ishaq Khattab.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia tukakague kwanza, kwani onyo haliandikwi kwa kusikia. Tukaenda. Akasimama mbele ya geti la nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi, akatoa salamu. Bi Masouda akachungulia.

"Ishaq, ufunguo unao mfukoni, wanibishia hodi ya nini?"

"Mwenye nyumba yupo, bibi?"

"Yupo mlangoni kwangu, kajileta mwenyewe."

Akavua makubadhi, akakanyaga mchanga mtupu, akaniagiza niandike kwamba hali ni mbaya na mwenye nyumba hana udhuru. Onyo likabandikwa getini, na mtaa mzima ukapita kulisoma. Likafuata la pili, na kila mara alipiga hodi. Nililainisha lugha kidogo katika lile la pili, akalirudisha nikaliandike upya.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Masharti ya kazi yetu yanasema wazi kwamba mfanyakazi wa jumuiya akifikia onyo la tatu anaachishwa kazi. Bwana Ishaq aliyaandika masharti hayo mwenyewe. Mwenyekiti wetu, Bwana Fahd, ambaye ameridhia haya yaandikwe, alimwita akamwambia aache mchezo. Bwana Fahd si mtu mbaya. Aliogopa kwamba tukimsamehe mmoja, kila mtu ataacha kiwanja chake kiwe jangwa, na mtaa aliousimamia kwa miaka yote uwe aibu. Bwana Ishaq akamjibu kwamba yeye pia haombi kusamehewa. Anaomba onyo lake la tatu.

Akalipata. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanuni, akaitisha mkutano mkuu.

Akaomba jambo moja tu: mkutano usifanyike katika ukumbi wa mbele penye viyoyozi, ufanyike kwenye msala, kile kijumba cha kusalia kilicho mwisho wa mtaa, ubavuni mwa nyumba ya Bi Nunu, na watu wote wasali Alasiri pale kabla ya kuanza. Ombi dogo, likakubaliwa.

Siku ya mkutano kila mwenye nyumba wa mwanzo wa mtaa alitaka nyasi zake zipendeze, maana zilikuwa zinakwenda kujadiliwa. Vinyunyizio vyote vikafunguliwa. Watu wakaja na manukato yao na mabarakashia yao, wakaelekea kwenye mabomba ya msala kutawadha, na mabomba yakakohoa. Wakafungua hili, wakafungua lile. Bwana Khalil alilipiga bomba moja kwa kiganja kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bwana Fahd akageuka kwa hasira akamuuliza Yaqdhan nani amefunga maji.

"Hapana aliyefunga, mwenyekiti," Yaqdhan akasema. "Ndo hivi hivi kila Asri. Ila nyie saa hizi huwa hamko huku."

Watu wazima wamesimama juani, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, viganja vikavu.

Kisha geti la jirani likafunguka. Bi Nunu akatoka na birika lake na beseni lake. Alikuwa amekataa kuja mkutanoni na hakuwa anakuja mkutanoni. Alikuwa anaona wageni hawana maji.

"Njooni, wanangu. Mmoja mmoja."

Akaanza na Bwana Fahd. Mwenyekiti aliinama mbele ya bibi yule, naye akammiminia kidogo kidogo, kama alivyomfanyia Bwana Ishaq. Bi Masouda akaenda kuchukua ndoo ndani, akawa anawamiminia wanawake. Beseni lilipojaa lilibebwa likamwagwa kwenye mkunazi, likarudi. Mtungi ukaisha ukaletwa mwengine. Tulikuwa wengi, na maji aliyoyaweka akiba kwa matumizi yake yalikuwa yanakwisha mbele ya macho yetu, naye hakupunguza kumimina wala hakumruka mtu. Sijui niliandikeje jambo lile.

Tuliposali tukaketi, Bwana Ishaq akasimama na faili. Bwana Fahd akamuuliza yeye leo ni mshtaki au mshtakiwa.

"Vyote viwili, mwenyekiti. Ila tuanze na mshtaki, yeye ndiye mwenye haraka."

Akasoma mashtaka dhidi ya Ishaq Khattab bila ya kuruka mstari, kwa sauti ile ile aliyotusomea sote. Akaketi. Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha pili, akaulizwa ana la kusema. Nilidhani ana hotuba, kumbe hakuwa nayo.

"Majani yale alikuwa akiyakanyaga mama yangu," alisema. "Nimeyang'oa kwa mikono yangu, na sijapoa. Basi kama mie nimeweza, usikatwe mti wa mtu mwengine kwa jina la kanuni nnayoisimamia mie. Kazi yangu ichukueni. Mti uacheni."

Bwana Fahd ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, mikono ya dishdasha yake ikiwa bado imerowa. Nikatazama nyuma yangu, na sikuona mkono uliobaki chini.

Kanuni ya Saba ikabadilishwa siku ile ile. Leo inataka kila nyumba iwe na kivuli na mimea inayovumilia kiu, nyasi kidogo tu kwa anayezitaka, na maji ya udhu na ya viyoyozi yaelekezwe kwenye miti. Watu walipomwambia Bwana Ishaq kwamba basi, mambo yamekwisha, na Bwana Fahd akataka kulichana lile onyo la tatu, alilikamata mkononi mwake.

"Siku niliyong'oa, kanuni ilikuwa hai," alisema. Akatoa funguo za ofisi, akaziweka mezani, akenda zake.

Siku iliyofuata hakuwa mfanyakazi wa Migombani. Hiyo ndiyo siku inayokosekana katika miaka yake. Kwa kuwa hakuna kanuni inayokataza kumwajiri tena mtu aliyeachishwa, aliletewa barua ya kuitwa kwenye usaili, akaja amevaa vizuri, akaulizwa na Bwana Fahd kama ana uzoefu wowote wa kazi hii. Alijibu kwamba anao kiasi. Hivyo yeye ndiye mfanyakazi pekee wa jumuiya anayestaafu akiwa na maonyo matatu kwenye faili lake, na hamruhusu mtu kuyafuta.

Alipopata kazi tena aliifanya kwa ukali ule ule, ila sasa alihesabu vivuli. Alikwenda nyumba kwa nyumba akimwonyesha kila mtu wapi pa kupitisha mipira ya matone, mimea gani isogezwe karibu na mlango na ipi iachiwe jua, na namna ya kukinga maji ya kiyoyozi bila ya kuchafua ukuta. Aliyebishana naye aliambiwa avue viatu. Miti ya ghaf, ile ya jangwani isiyojali kiu, ikapandwa barabarani, mikunazi na miarobaini nyuani, bogenvilia juu ya kuta. Maji ya udhu ya msala yote yanakwenda miti, na bomba la mwisho wa mtaa linatoka maji Alasiri ya Juni kama linavyotoka la mwanzo. Wenye nyumba wa Hail wamekuja kutazama. Asumini hatukuiacha, ipo katika vyungu, na harusi zetu bado zina vikuba. Na niseme ukweli, mtaa sasa unafanana zaidi na jina lake kuliko enzi za busati, ingawa mgomba bado hatuna.

Bi Nunu alifariki mwezi wa Januari mwaka huu. Wanawake walioingia kumwosha waliuliza majani ya mkunazi ya kutia kwenye maji ya kumwoshea, nasi tumezoea kuyanunua ya unga, dukani. Siku ile hakutumwa mtu dukani. Bwana Ishaq alivua makubadhi kwenye geti, akaingia chini ya ule mti, akachuma matawi mwenyewe, miiba ikimchana, akayapeleka mpaka mlangoni akampa Bi Masouda. Kisha akabaki amesimama pale pekupeku mpaka jeneza lilipotoka. Nilimwona, na wote mliokuwepo mlimwona. Mti ule ulikuwa ukatwe baada ya Idi ya mwaka 2018.

Palipokuwa na nyasi za Bi Sayyida sasa pana mkunazi mwengine, uliooteshwa kwa kokwa ya ule wa Bi Nunu. Umeshapita kimo cha mtu. Kile kiti cha mbao kimerudishwa, kimewekwa chini yake.

Bwana Ishaq, ofisi ilikuwa inakutafutia saa ya ukutani, kama desturi. Binti wa marehemu Bi Nunu, Bi Noof, alisikia, akaja na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Ni birika na beseni la mama yake, na amesema ni lako. Leo tukimaliza pilau tutanawa kwa hilo birika, sote, mmoja mmoja, akianza mwenyekiti, na maji ya beseni tutakuletea nyumbani kwa mkunazi wako, usimimine wewe.

Tunakushukuru kwa kanuni ulizotutetea, na zaidi kwa ile uliyojitolea wewe mwenyewe ili ivunjike kwa haki. Mungu akupe wewe na Bi Masouda afya na umri mrefu, na bomba lisilokauka. Kesho hapana nyumba ya kukagua. Nenda kakae kwenye kile kiti, uvue makubadhi, uweke nyayo chini. Ardhi ya pale nimeikanyaga juzi nilipokuja kukuletea rasimu hii, nikavua viatu vyangu kwa mara ya kwanza. Ni ya baridi.

Wijdan, Katibu
Kwa niaba ya wafanyakazi na wenye nyumba wa Migombani, Mabela